Cusco si Moshi

Kitu cha kwanza kutuambia ukweli pale Cusco, mji wa milimani huko Peru, kilikuwa pakiti ya korosho. Niliinunua Kariakoo, imefungwa vizuri kwa mashine, nikaitia kwenye begi la mkononi iwe ya njiani. Nilipofungua begi uwanja wa ndege nikaikuta imetuna kama mpira, plastiki imekaza inang'aa, utadhani kuna mtu kaipuliza. Tukacheka. Tukaipiga picha, ikapita mkono kwa mkono. Kati yetu wanne hakuna aliyejiuliza: kama korosho zimefanywa hivi, sisi huko ndani tumefanywaje?

Ilikuwa Julai 2024. Tulikuwa mimi, mtoto wa Tanga niliyehamia Dar. Rafiki yetu wa Moshi tunayemwita Mangi, mkubwa wetu kwa umri. Nesi, ambaye kweli ni muuguzi. Na binti wa Mombasa aliyekuwa mdogo kuliko sote, mkimbiaji wa mbio ndefu, huyo jina lake likawa Mdogo. Miaka miwili nyuma tulipanda Kilimanjaro pamoja kwa njia ya Machame, siku saba, na wote wanne tukafika Uhuru, mita 5,895. Mangi alikitia cheti chake kwenye fremu akakitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi. Shemeji hajalisahau hilo.

Basi tulipopanga kwenda Peru kutembea njia ya Salkantay, siku tano kwa miguu hadi Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka, watawala wa kale wa nchi ile, tulipiga hesabu kwa kujiamini. Sehemu ya juu kabisa ya njia ile, pale inapovuka mgongo wa mlima, ni mita 4,630 hivi. Sisi tumelala Barafu, kambi ya mwisho ya Kilimanjaro kabla ya kilele, ambako ni juu zaidi ya hapo! Mangi ndiye aliyeitoa kauli iliyotubeba hadi uwanja wa ndege: "Huo kwetu ni mlima wa Jumapili."

Hesabu ya juu tuliipiga. Hatukupiga hesabu ya mwanzo.

Ukienda kupanda Kilimanjaro unalala Moshi kwanza, na Moshi haifiki hata mita elfu moja. Asubuhi gari linakupeleka geti la Machame, kama mita 1,800. Unatembea siku nzima msituni, unalala kwenye mita 3,000. Kesho yake unatembea tena, unalala Shira, mita 3,800. Siku mbili nzima za miguu, na njia yote kuna mwongozaji mbele yako anayetembea kama anahesabu siafu, na ukitaka kumpita anakurudisha nyuma. Pole pole. Nilikuwa nikimchukia yule mzee kwa mwendo wake.

Cusco iko mita 3,400. Lima, tulikotokea, iko kando ya bahari kama Tanga. Kati ya miji hiyo miwili ni saa moja na robo hivi ya ndege. Maana yake ile kazi ya karibu siku mbili za Machame tuliifanya tukiwa tumekaa, tumefunga mkanda, tunakunywa juisi. Na ulipofunguliwa mlango hapakuwa na mzee wa kutushika shati.

Nataka kueleza hapa jinsi mji ule unavyodanganya, maana ndilo lililotuponza. Mlimani unajua uko mlimani. Unalala hemani, unanuka moshi, choo ni shimo, kila kitu kinakukumbusha. Cusco kuna taksi, kuna mabenki, watoto wana sare za shule wanakimbizana, kina mama wanauza mahindi ya kuchemsha yenye punje kubwa kama jino la farasi. Kuna kitanda na shuka nyeupe. Hakuna kitu kinachokuambia kwamba umelala karibu na kimo cha Shira. Kwa macho ni mji, na mtu mjini anaishi kimjini: anabeba begi lake mwenyewe, anapanda ngazi, anatoka usiku.

Tulifika saa tatu asubuhi, tukiwa wazima kama chuma. Huo nao ni mtego, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko mara nyingi haupigi hodi mlangoni, unakuja baada ya saa sita hadi kumi na mbili, ukishajisifu. Nyumba tuliyopanga ilikuwa San Blas, mtaa wa mafundi na wachoraji ulioko kilimani, vichochoro vya mawe na ngazi zisizoisha. Dereva wa taksi akasema gari haliingii hadi mlangoni, akatuonyesha kijana wa kutubebea mizigo. Mangi akamkatalia. Mtu aliyefika Uhuru abebewe begi mjini?

Mama mwenye nyumba alitupokea kwa chai ya majani ya koka, akatutazama tunavyohema, akasema kwa Kihispania, "Poco a poco." Mdogo alikuwa amejifunza maneno mawili matatu, akatutafsiria: kidogo kidogo. Tuliangua kicheko. Kumbe pole pole imehamia Peru! Tukamaliza chai, na kabla ya saa nane mchana tulikuwa tumepanda hadi Sacsayhuamán, ngome ya Wainka juu ya mji, mita 3,700, kuangalia mawe makubwa kuliko gari yaliyopangwa pamoja bila chokaa wala saruji, na huwezi kupenyeza hata wembe kati ya jiwe na jiwe. Sijutii kuyaona. Najuta kuyaona siku ile. Jioni tukala panya wao wa kufugwa, anaitwa cuy, kachomwa mzimamzima na meno yake, na viazi vya rangi tatu. Mimi na Mangi tukasindikiza kwa bia. Mlo wa sherehe.

Usiku wa kwanza sitausahau. Kichwa kilianza nyuma ya macho, kikatambaa hadi kisogoni. Nikilala nashtuka, kifua kimesimama, navuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini, halafu nahema harakaharaka, halafu kimya, halafu nashtuka tena. Nesi aliniambia baadaye kwamba huko juu pumzi za usingizini huenda kwa mawimbi hivyo, na kwa kawaida si hatari. Ningependa angeniambia kabla. Nililala nikihesabu vitu vya kuandika kwenye wosia, na sina mali.

Saa nane usiku nikasikia bomba la bafuni limefunguliwa. Likaachwa linamwaga. Likafungwa, likafunguliwa tena. Nikajua ni mtu ananawa. Asubuhi ndipo tulipogundua kuwa Mangi alikuwa akitapika, na bomba alilifungulia makusudi tusimsikie.

"Ni yule panya," alisema mezani, mkate mbele yake haujaguswa. "Tumbo langu halijazoea."

"Kaka, kichwa je?" Mdogo akamuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kukikaza kama mzazi, macho mekundu. Mkimbiaji wetu, mwenye mapafu ya kushindana, alikuwa hoi kutuzidi mimi na Nesi. Hilo nalo nililijua siku hiyo: mwili kuwa fiti hakukukingi na ugonjwa huu. Wakati mwingine mtu fiti ndiye anayeumia, kwa sababu anakwenda mbio.

"Kichwa kiko sawa."

Nesi hakubishana naye. Alitoa mkobani kile kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni, vile vilivyoenea wakati wa Uviko, akatupitia mmoja mmoja. Mimi asilimia 89. Yeye 90. Mdogo 91, pamoja na kichwa chake kupasuka, kwa hiyo usidhani namba inasema yote. Mangi 81. Nesi akamsimamisha kwenye mstari wa vigae, akamwambia atembee kisigino kikigusa kidole, kisigino kikigusa kidole, kama askari wa usalama barabarani anavyompima mlevi. Alifika mwisho bila kuyumba. Tukashusha pumzi, maana mtu akishindwa mstari ule, ubongo huenda umeanza kuvimba, na hapo hakuna mjadala ni kushuka muda huohuo. Vivyo hivyo akianza kukohoa na kuhema akiwa amekaa tu, ujue maji yanaingia mapafuni.

Mama mwenye nyumba, bila kuulizwa, alikuwa ameshaleta mtungi wa oksijeni kutoka stoo. Nyumba nyingi za wageni mjini pale huwa nao, kama sisi tunavyoweka jenereta. Mangi akavuta nusu saa, uso ukarudi rangi, akaanza hata kutania. Mtungi ulipofungwa, saa moja haikupita akarudi palepale. Kumbe mtungi unakukopesha tu.

Ndipo Nesi akatupa somo, na chombo chake kilikuwa ileile pakiti ya korosho. Alisema watu hudhani juu hakuna oksijeni. Ipo, asilimia 21 kama ya Kariakoo. Kilichopungua ni mgandamizo, ule uzito wa hewa unaoisukuma iingie kifuani. Pale Cusco kila pumzi unayovuta inakupa kama theluthi mbili ya ile ya Tanga. Pakiti imefungiwa hewa ya pwani, nje hakuna wa kuibana, ndiyo maana imetuna. Mwili nao unajitetea: unahema zaidi, hiyo inabadilisha kemia ya damu, figo zinahangaika kuirekebisha, na ndiyo sababu unakwenda msalani usiku kucha. Kazi hiyo inataka siku kadhaa. Chembe nyekundu za damu za kutosha zinataka wiki. "Na mwili hauna kumbukumbu ya Uhuru," akamwambia Mangi. "Ulichokipata kule ulikipoteza wiki chache baada ya kushuka. Kilichobaki ni kile cha kwenye fremu."

Mangi hakujibu.

Kuna dawa, asetazolamidi, wengi wanaifahamu kwa jina la Diamox. Mimi na Nesi tulianza miligramu 125 asubuhi na jioni tangu tukiwa Lima, kwa ushauri wa daktari. Vidole vinawasha kama umevilalia, na soda inapoteza ladha, unakunywa kitu chenye utamu wa chuma. Mdogo hakuitumia kwa sababu ana mzio wa dawa za salfa, na daktari wake hakutaka kubahatisha. Mangi alikuwa nayo begini, pakiti haijafunguliwa. Kilimanjaro hakuitumia, kwa nini aanze leo? Sisemi dawa ingemwokoa. Nasema ilikuwa begini.

Na koka? Kila mtu atakuuliza habari ya koka. Chai yake ina ladha ya majani makavu na uchungu kidogo, inapasha tumbo, na nilihisi nafuu, ingawa hata maji ya moto yangenipa nafuu asubuhi ile. Kilichonigusa ni wazee waliokuwa wakiyatafuna sokoni San Pedro, shavu limejaa, na pembeni kijidonge cha majivu wanachokiita llipta ili jani litoe nguvu yake. Nilimwona bibi yangu. Marehemu alikuwa hakai bila tambuu: jani, popoo, na chokaa kidogo kwa ncha ya kidole. Bahari mbili katikati, na watu wamegundua kila mmoja kwake kwamba jani bila kitu cha kuliamsha ni jani tu. Ila usijaribu kurudi nayo nyumbani, hata mifuko ya chai. Kule ni chai, kwingine ni kesi ya dawa za kulevya.

Sasa ikaja shida yenyewe. Kampuni tuliyolipa ilikuwa ituchukue kesho yake saa kumi alfajiri, na siku ya kwanza tu unalala Soraypampa, mita 3,900. Tulipowaomba wasogeze siku mbili wakataka dola 60 kwa kila kichwa. Sikuwalaumu sana, ingawa siku ile niliwalaumu sana.

Mangi akasema tumwache. Atapumzika, sisi twende, tutakutana Machu Picchu, kuna treni. Alisema kwa sauti ya mtu mzima anayetoa uamuzi, na nakiri kuna sehemu ndani yangu ilitaka kukubali. Nimeweka akiba mwaka mzima. Nimepanda ndege kutoka Dar hadi Addis Ababa, Addis hadi São Paulo, São Paulo hadi Lima. Nikamtazama Mdogo, nikaona naye anafanya hesabu hiyohiyo, ametazama chini.

Halafu Mdogo akasema, "Mimi kichwa changu hakijaacha tangu jana saa moja. Nilinyamaza nisiwaharibie." Nikajikuta nami nasema kuhusu pumzi zangu za usiku, na kwamba ngazi za kwenda bafuni nilizipanda kwa kupumzika mara mbili. Nesi akasema anahisi kichefuchefu tangu alfajiri. Mezani palikuwa na watu wanne wanaoumwa, kila mmoja akijifanya mzima ili asiwe mzigo kwa watatu wazima ambao hawakuwepo.

Tangu siku hiyo mpaka mwisho wa safari tulikuwa na utaratibu: kila asubuhi kabla ya chai, kila mtu anasema usingizi, kichwa, tumbo, na anataja namba ya kidoleni. Hakuna kujibu "niko poa". Mdogo ndiye alikuwa mkali zaidi kwenye hilo, hata kwa Mangi, ambaye kwa umri angeweza kumnyamazisha.

Tulilipa. Mchana huo tukashuka kwenda Ollantaytambo, kwenye lile bonde wanaloliita Takatifu, mita 2,800 hivi. Tulipanda gari dogo la abiria, daladala kabisa, linasubiri lijae ndipo liondoke, na konda anaita jina la mji kwa wimbo kama yuko Mbagala. Karibu saa mbili za kona. Mangi alikaa dirishani na mfuko wa plastiki mkononi. Hakuutumia. Nesi alikuwa akimsimulia habari ya padre mmoja Mhispania, José de Acosta, aliyeandika katika kitabu kilichochapwa mwaka 1590 jinsi alivyotapika hadi akadhani anakufa alipokuwa akivuka milima ya Peru, na akaeleza kwamba hewa ya kule ni nyepesi mno kwa pumzi ya binadamu. "Unaona? Zaidi ya miaka 400," akamwambia. "Hukuanza wewe." Sijui kama ilimfariji, lakini alitabasamu.

Nilichokiona pale bondeni, kama ningesimuliwa nisingeamini. Mita 600 tu chini. Saa kumi na mbili jioni Mangi aliomba chakula. Mama wa mgahawa alikuwa na wali, na maharage yaliyopikwa kwenye sufuria ya presha. Huko juu, alituonyesha kwa mikono na Mdogo akasaidia, maharage kwenye sufuria ya kawaida utayachemsha hadi ukate tamaa, kwa sababu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Cusco yanachemka kwenye nyuzi 89 hivi. Wali na maharage, nusu ya dunia kutoka nyumbani! Mangi alikula sahani mbili, akaagiza ya tatu tukamzuia.

Wenye kuujua mji ule hufanya hivyo tangu mwanzo. Wakitua Cusco hawafungui hata begi, wanapitiliza bondeni, wanalala siku mbili tatu huko chini, ndipo wanapanda kurudi mjini. Ni ileile kanuni ya Kilimanjaro ya kupanda juu na kulala chini, na sisi tuliijua tangu siku ile mwongozaji alipotupandisha Lava Tower kula chakula cha mchana, mita 4,600, kisha akatushusha kulala Barranco. Tuliijua vizuri kabisa. Ila tulidhani ni kanuni ya mlima, na sisi tulikuwa mjini.

Tulikaa Ollantaytambo usiku mbili. Tulitembea kwenye mitaro ya maji ya Wainka ambayo bado inapita katikati ya vichochoro, tukaota jua, na jua la kule halina masihara: midomo yangu ilipasuka, mimi mweusi wa Tanga niliyedhani losheni ya jua ni ya Wazungu. Usiku baridi inakuingia kwenye mifupa. Siku ya tatu tukapanda tena Cusco, tukalala usiku mmoja kwa yule mama, na safari hii zile ngazi za San Blas tulimpa kijana mizigo. Mangi ndiye aliyemwita. Kidoleni alisoma 88.

Salkantay yenyewe sitaisimulia hapa, ina maneno yake. Tulivuka ule mgongo siku ya pili saa tano asubuhi, Mangi wa mwisho kwa hiari yake, akihesabu siafu. Kule juu alikunywa maji yote yaliyobaki kwenye chupa yake ya plastiki, akaifunga kifuniko kwa nguvu, akairudisha begini. Tulipofika Lima akaitoa: imebonyea, imeshikana ubavu kwa ubavu, kama imekanyagwa na lori.

Sasa iko sebuleni kwake, kwenye kabati, chini ya kile cheti. Shemeji ameshaitupa kwenye taka mara mbili, na mara mbili Mangi ameitoa.